Warushaji Wakali wa Ugenini, na Maggie Aliye Machakos

Alhamisi, 7 Agosti

Joto. Nimeamka shuka imenigandia mgongoni. Upande wa Maggie kitandani, mtupu kama kawaida. Mwaka wa tatu huu niko Garissa na bado nalala ukingoni, kana kwamba ataingia saa yoyote adai nafasi yake.

Kazini, hakuna jipya. Mimi ni ofisa wa vipimo. Serikali ilinileta huku kuhakikisha kilo ya mchuuzi ni kilo kweli. Wachuuzi wakiniona mbali huita watu wao kwa Kisomali, na mizani zote za Soko Ng'ombe hupata uaminifu ghafla.

Jioni, ubishi na Daktari Mowlid. Ana duka la dawa za mifugo karibu na msikiti. Alisomea udaktari wa wanyama Pakistan, akarudi na shahada pamoja na ugonjwa wa kriketi. Katika mji huu mzima wenye ugonjwa huo ni wawili tu, yeye na mimi. Kwa hiyo tunachukiana kila jioni, kwenye benchi la nje ya duka lake, juu ya chai ya maziwa ya ngamia.

Swali la leo: mrushaji gani wa kasi alikuwa mkali zaidi nje ya kwao? Mowlid akasema Wasim Akram wa Pakistan, hakuna wa pili. Nikasema Malcolm Marshall. Nikamwambia nyumbani kila mtu hutoa wapigaji, hupata wiketi! Upepo unaujua, ardhi unaijua, mama yako yuko jukwaani. Lakini nenda India kama Marshall mwaka 1983, kwenye viwanja vilivyolala fofofo, urushe huko. Mowlid akasema Wasim alizoa wiketi nyingi zaidi nje kuliko kwao. Nikasema hilo linaonyesha tu kwamba alisafiri sana. Akaninyang'anya kikombe.

Ukweli ni kwamba maneno yale si yangu. Ni ya Maggie. Baba yake alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja ya kriketi Nairobi. Alikulia ndani ya kibanda cha kuandikia mikimbio ya mechi, na chuoni alikuwa mrushaji wa timu ya wasichana. Siku ya kwanza kuzungumza naye nilimwuliza nani mrushaji bora wa kasi duniani. Akaniuliza, nyumbani au ugenini? Nikajua nimeoa.

Siku nilipopewa Garissa alinisindikiza hadi kwenye basi. Akacheka, akasema, "Haya, Musembi. Sasa tutaona unarusha vipi ugenini." Tangu hapo sijacheka vizuri.

Amepiga simu saa hizi. Sauti yake, na nyuma yake mvua ya Machakos juu ya mabati. Nilitaka kumwambia nyumba hii imenyamaza sana. Badala yake nikamwambia nimeanzisha klabu ya kriketi. Sijui ilitoka wapi! Klabu ya Kriketi ya Tana. Wachezaji kumi na mmoja. Mrushaji wa kasi wa kutisha. Nahodha ni mimi.

Kisha akasema shule zimefungwa na hafundishi, atakuja Ijumaa ijayo aione.

Wachezaji wa klabu kwa sasa: mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimepata uwanja. Nimepoteza heshima.

Kiwanja cha wazi pekee ninachokijua ni cha Mowlid, nyuma ya ghala lake, anapofungia mbuzi wa kuuza. Nimemwomba kwa upole. Akauliza kwa nini. Nikasema ni kwa maendeleo ya vijana. Akauliza vijana gani. Nikamweleza yote.

Akafurahi mno. Masharti yake: yeye awe nahodha wa timu ya pili, wafanyakazi wake wakiwa wachezaji. Na kabla ya mechi nisimame mbele ya watu wote, mke wangu akiwemo, nitangaze kwamba mrushaji bora wa ugenini aliyepata kuishi ni Wasim.

Mbele ya Maggie! Picha ya Marshall ilitundikwa sebuleni kwao miaka yote ya uchumba wetu, karibu na kalenda ya kanisa!

Nikakataa. Nikasimama. Nikatembea kwa hadhi hadi langoni.

Nikarudi. Nikakubali.

Wachezaji wangu nimewapata kwa njia rahisi. Nimepita Soko Ng'ombe na kuwaambia wachuuzi kwamba wanatakiwa kwa Mowlid Jumamosi ijayo alasiri, bila kukosa. Hakuna aliyeuliza sababu. Hayo ndiyo manufaa ya ofisi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi kutoka Bura! Nimempata mrushaji wangu!

Anaitwa Diriye. Mtu mzima, mrefu, ndevu amezitia hina. Huleta maziwa ya ngamia mjini, anayashusha, anarudi kwao Bura hata kabla chai haijapoa. Nilimwona zamani kando ya barabara akimrudisha ngamia mkorofi kwa jiwe. Hakumpiga. Jiwe lilipita mbele ya pua ya ngamia, ngamia akageuka mwenyewe. Sijawahi kulisahau lile jiwe.

Nimepanda pikapu ya maziwa hadi kwake, nimekaa juu ya madumu matupu, nyonga zangu hazitanisamehe. Nimemfundisha kunyoosha mkono. Nimemwekea kijiti. Akakivunja. Nikaweka kingine. Akakivunja. Cha tatu kilipaa na kupotelea kwenye miiba.

Akaugeuza mpira mkononi, akasema, "Hii mbira ni rahisi, Musembi. Ngamia anakimbia. Kijiti hakimbii."

Nikamwambia Jumamosi atanipa furaha ya maisha yangu. Akasema inshallah.

Mkewe akatuletea maziwa. Akampa Diriye kibuyu, akaketi kando yake. Hawakusemezana. Walikaa tu hivyo, bega karibu na bega, wakiangalia vumbi. Nikajifanya natafuta kijiti kwenye miiba. Nikakitafuta kwa muda mrefu.

Jumanne, 12 Agosti

Maafa.

Mazoezi ya kwanza mjini, kiwanjani kwa Mowlid. Nilimwalika Mowlid aje aone, ili atetemeke.

Diriye akakimbia, akarusha. Mpira ukapita juu ya ua. Akarusha tena. Ukaingia kwenye mkokoteni wa maji unaopita barabarani, mwenye punda akatutukana kwa lugha mbili. Wa tatu ukampiga mbuzi wa Mowlid ubavuni. Mbuzi hakujali. Alikuwa anakula ubao wangu wa matokeo, boksi la runinga nililolipaka rangi Jumatatu nzima. Akalimaliza lote, hadi neno Tana.

Diriye akasema mchanga wa hapa si mchanga wake. Upepo hauji. Watu wanamtazama. Kule kwao anarusha tu, hapa mkono unajua kwamba unarusha.

Mowlid akacheka hadi akajifuta macho kwa kilemba. Akasema, "Walaal, ndugu yangu, huyu ni wa nyumbani. Akitoka nje ya boma lake hana kitu."

Nilikasirika sana. Nikaondoka bila kuaga. Njiani nikajiuliza nimekasirika kwa ajili ya nani, maana Diriye mwenyewe alikuwa anacheka.

Nimefika nyumbani nikapika chai vikombe viwili. Mazoea. Nimevinywa vyote.

Ijumaa, 15 Agosti

Amekuja!

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Inaanza, "Maggie, tangu nilipokuacha, kila jua la Garissa limekuwa jeuri." Basi likasimama. Akashuka, kitambaa kichwani, macho yamejaa usingizi na vumbi la Mwingi, akanitazama.

Nikasema, "Umefika."

Akasema ndiyo.

Nikamwonyesha tairi la nyuma la basi, nikamweleza kwamba limekwisha meno na haifai gari kama hilo kubeba abiria. Akalitazama tairi. Kisha akanitazama mimi, akanifuta kitu shavuni kwa kidole gumba. Hapakuwa na kitu. Nadhani.

Nyumbani nilikuwa nimejiandaa. Feni nimeiazima kwa Ramlo, dadake Mowlid, mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi nyuma ya ofisi zetu. Pazia pia ni la Ramlo. Sahani pia. Baada ya nusu saa Ramlo mwenyewe akaja kumwona mgeni, akakuta kila kitu chake kimepangwa vizuri, akasema mashallah. Wakacheka wao wawili mpaka nikatoka nje.

Wakaenda kunywa chai kwake. Saa nyingi! Ramlo anamwita abaayo kana kwamba wamezaliwa pamoja. Wamezungumza hesabu. Maggie hufundisha hesabu huko kwao, na Ramlo ni mwendawazimu wa hesabu vilevile.

Nikaketi peke yangu na feni ya watu. Amekuja kuniona mimi au kuona wanawake wenye vipindi vya hesabu?

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Wachuuzi walikuja wote, kwa wakati, wasafi. Na mizani zao! Kila mmoja amebeba mizani yake, nyingine kichwani, nyingine kwa bajaji. Walidhani ni ukaguzi. Wakazipanga mbele ya Maggie mstari mmoja mrefu, wakasimama nyuma ya mstari kama watoto wa gwaride.

Maggie akaniuliza kwa upole, "Hii ndiyo klabu?"

Nikasema ni upande wetu wa kiufundi.

Ilibidi nieleze. Yarow, muuza nyama, alipoelewa kwamba hakuna ukaguzi alishukuru Mungu kwa sauti, akabeba mizani yake akaenda, na wengi wakamfuata. Waliobaki walibaki kwa kicheko.

Halafu Mowlid akapiga makofi, akasema nahodha ana tangazo. Nikasimama juu ya gunia la pumba. Nikasema haraka, huku nikikohoa kwenye jina la Wasim. Mowlid akasema hajasikia. Nikarudia. Akaomba mara ya tatu, kwa ajili ya walio mbali.

Maggie akasema, "Tangu lini?"

Sijawahi kusikia maneno mawili mazito hivyo.

Mechi. Wiketi zetu, kreti za soda. Mowlid na gongo lake halisi la kupigia mpira kutoka Pakistan, amevaa suruali nyeupe. Diriye akarusha. Pembeni. Akarusha. Juu. Akarusha, ukafika karibu kidogo, Mowlid akaupiga hadi juu ya ghala. Wafanyakazi wake wakashangilia. Diriye akazidi kujikunja. Mtu mrefu vile, akawa mfupi.

Ndipo Maggie akainuka. Akamwomba Ramlo leso, akajifunga kiunoni juu ya gauni, akaja kati ya uwanja, akanyoosha mkono. Diriye akampa mpira kwa furaha ya mtu anayeondolewa mzigo.

Sijamwona akirusha tangu tuoane. Alitembea nyuma, akageuka, akaja. Hatua fupi, kisha ndefu. Mkono ukapita karibu na sikio. Mowlid akatabasamu, kisha akaacha. Wa kwanza ukampita. Wa pili ukampita. Wa tatu ukagonga kreti, na sauti ya plastiki ile, jamani, ningeisikiliza mwaka mzima!

Wanawake waliokuja na Ramlo wakapiga vigelegele kando ya ukuta wa ghala. Mbuzi wakakimbia. Nikajikuta nimeshika mizani ya mtu, nimeikumbatia.

Kisha akamwendea Diriye. Hakumfundisha chochote. Nilisogea nisikilize siri. Alimwuliza tu ngamia wake wanaitwaje. Diriye akaanza kuwataja, huyu mama wa yule, yule mkaidi, yule anayependa chumvi, na alipokuwa bado anawataja Maggie akamrudishia mpira mkononi, akamwambia endelea. Akarusha huku anasema. Kreti ikaruka.

Nimeelewa: majina ya ngamia huongeza kasi.

Tulishindwa, bila shaka. Mowlid hakujivuna. Alikuja hadi kwa Maggie, gongo kwapani, akasema, "Dada, umenitoa kihalali. Basi hukumu ni yako. Ugenini, nani?"

Nikavuta pumzi. Marshall, nikasema moyoni. Sema Marshall.

Akasema, "Hadlee."

Hadlee! Wa New Zealand! Nikamkumbusha picha ya sebuleni. Akasema ile ilikuwa ya baba.

"Marshall alikuwa na wenzake wakali," akasema. "Mpigaji akimkwepa huyu anakutana na yule. Hadlee mara nyingi alikuwa peke yake. Brisbane, zamu moja, wiketi tisa, na takwimu zake za nje ni nzuri kuliko za nyumbani. Mtu yuko mbali na kwao, hana wa kumsaidia, na bado anarusha hivyo."

Alimwambia Mowlid hayo. Lakini alikuwa ananitazama mimi.

Miaka yote hii nimemtetea mtu asiye wake! Nimeumia sana.

Jumapili, 17 Agosti

Ameondoka.

Asubuhi tuliketi mlangoni, kwenye kivuli, kabla jua halijakuwa kali. Alikuwa amekalia kiti changu, miguu yake juu ya miguu yangu. Kwa muda mrefu hatukusema kitu. Nilikumbuka Bura, maziwa, bega karibu na bega. Nikawaza, hivi ndivyo.

Kisha akasema Ramlo anatafuta mwalimu wa hesabu. Shule zikifunguliwa. Wamezungumza yote, Ramlo yuko tayari, mama yake kule Machakos amekubali. "Sijali klabu, Musembi," akasema. "Nilijua ni uongo siku ile ile kwenye simu. Nilikuja kwa sababu ulitunga uongo mkubwa hivyo, nikajua umechoka. Niambie tu nije."

Niambie tu nije!

Moyo ukanipanda hadi kwenye meno. Neno lilikuwa pale, moja, dogo. Njoo. Mtoto anaweza kulisema.

Lakini nikafikiri. Mwanamke anaacha kazi, anaacha mama, anaacha mvua juu ya mabati, aje kwenye joto hili, kwa neno moja? Haitoshi. Hoja kubwa inahitaji ushahidi. Kwa hiyo nikaanza na Dale Steyn. Nikamweleza jinsi alivyokwenda Nagpur mwaka 2010, nchi ya watu, ardhi ngumu, akachukua wiketi saba katika zamu moja.

Akangoja. Nikaongeza maelezo kuhusu mpira unaopinda ukiwa umechakaa.

Akauliza, "Hiyo ni ndiyo au ni la?"

Nikasema ni utangulizi.

Akaondoa miguu yake taratibu. Akaenda kufunga begi.

Kwenye basi alikaa dirishani. Tairi lilikuwa lile lile lakini sikusema kitu, nimejirekebisha. Akainama, akasema Ramlo anataka jibu Ijumaa. "Na mimi nataka lako kwanza." Akaweka kiganja kwenye kioo. Nikaweka changu upande wa nje. Kioo kilikuwa cha moto. Basi likavuka daraja, nikalitazama hadi vumbi likaisha, na hata baada ya vumbi.

Jumatano, 20 Agosti

Mto wake una harufu ya mafuta yake ya nazi. Sijaufua. Nimeuhamisha upande wangu, kisha nikaurudisha upande wake, kisha nikalala ukingoni.

Mowlid amekuja ofisini mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya. Hakutaja Wasim hata mara moja. Akafunga mlango, akasema, "Walaal, mpigie simu mkeo." Nikamwambia kuna mpango. Akasema anaogopa mipango yangu kuliko homa ya bonde la ufa. Akasema wallahi, yeye aliishi Pakistan miaka yote ile akimtamani binti wa Wajir, akingoja siku ya kusema vizuri, na siku alipokuwa tayari, binti alikuwa na watoto wawili wa mtu mwingine. Akachukua kalamu yangu, akaitazama, akairudisha.

Maskini Mowlid. Hakujitayarisha vya kutosha.

Ramlo naye amenisimamisha barabarani. Amesema ana mwombaji mwingine, kijana wa Mwingi, na atamngoja Maggie hadi Ijumaa saa sita tu. Nikamhakikishia kazi inaendelea.

Na inaendelea! Nimegundua kosa langu la Jumapili. Nilianza na Steyn. Ilinipasa nianze na Hadlee, mtu wake mwenyewe, nimsifu, nionyeshe upweke wake, kisha polepole nipite kwa wengine mmoja mmoja, kila mmoja na nchi alizorusha, hadi msikilizaji mwenyewe afikie uamuzi kwamba hakuna mrushaji aliyestahimili ugenini bila mtu. Hapo ndipo neno lenyewe linaingia. Mwishoni. Kama nyundo.

Ijumaa, 22 Agosti

Sikwenda kazini. Nimeomba ruhusa kwa sababu za kifamilia, na ni kweli kabisa.

Tangu alfajiri naandika hoja. Hadlee nimemmaliza, ametoka vizuri mno, nimelia mahali fulani. Marshall nimempa haki yake. Wasim nimempa aya moja, kwa ajili ya Mowlid. Wamebaki Ambrose na Steyn. Nitampigia Maggie nikishakamilisha, nimsomee yote bila kukatizwa, na mwisho wake nimeuandika tayari, nimeuwekea mstari chini: Njoo. Nyumba hii haijui kunyamaza vizuri bila wewe.

Nimeusoma kwa sauti. Mzuri sana. Lakini hauwezi kutangulia. Ukitangulia hauna nguvu.

Sasa ni saa tano na dakika kadhaa. Simu inalia. Ni Maggie. Jina lake linang'aa kwenye kioo, na picha niliyompiga uwanjani, leso kiunoni. Nimeitazama hadi ikakatika.

Inalia tena. Siwezi kushika katikati ya hoja, nitaharibu kila kitu. Inaonekana Ramlo naye ananiita langoni.

Subirini kidogo, jamani! Ndio kwanza nimefika kwa Ambrose, pale Perth.